Kilima cha Jirani au Mlima Mkubwa: Namna ya Kupima na Kutumia Kila Kimoja katika Skii

Swali la kama kilima kidogo kilicho karibu na nyumbani kinaweza kulingana na mlima mkubwa kwa mtu anayeteleza kwa skii mara nyingi huulizwa kwa namna inayotoa hukumu kabla ya ushahidi, kwa kuwa jambo la kwanza kutajwa huwa ni urefu wa mteremko, na kwa kipimo hicho kilima hakina la kujitetea. Whistler Blackcomb nchini Kanada ina eneo la zaidi ya hekta 3,300 na mteremko unaoshuka takriban mita 1,600 kutoka kileleni hadi bondeni. Buck Hill, kilima kilichoko jimbo la Minnesota nchini Marekani, hakifikishi hata mita 100. Hata hivyo, Lindsey Vonn, aliyetwaa medali ya dhahabu ya mbio za kasi (downhill) katika Olimpiki ya mwaka 2010, alilelewa kimchezo Buck Hill chini ya kocha Erich Sailer. Naye Dave Ryding wa Uingereza, aliyeanza kwenye mteremko wa plastiki huko Pendle, Lancashire, mahali ambapo mtu huteleza bila theluji kabisa, alishinda slalomu (mbio za kona fupi kati ya milingoti) ya Kombe la Dunia huko Kitzbühel, Austria, mwezi Januari 2022 na kuwa mtu wa kwanza kutoka Uingereza kushinda mbio za Kombe la Dunia katika skii za milimani.

Mifano hiyo hupendwa sana na watetezi wa vilima, lakini ni haki kuisimulia hadi mwisho. Vonn hakubaki Buck Hill. Alihamia Vail, kwenye milima mikubwa ya Colorado, akiwa bado mdogo, na sababu inaeleweka kwa kusoma kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, ambazo kwa ngazi ya Kombe la Dunia huitaka slalomu ya wanawake ishuke kati ya mita 140 na 220, ilhali mbio za kasi za wanawake zinatakiwa kushuka kati ya mita 450 na 800. Kilima chenye mteremko wa mita 90 kinaweza kumpa mchezaji karibu nusu ya slalomu, tena kwa kuirudia mara nyingi jioni moja; lakini hakiwezi kumpa hata robo ya mbio za kasi. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha mahali na mahali, amua kwanza ni ujuzi gani unaoutafuta, kisha ujiulize iwapo ujuzi huo unadai urefu au unadai marudio.

Anza na saa ya mkononi

Watu wengi hukadiria siku yao ya mlimani kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huhifadhi mteremko ikaacha foleni. Njia bora ni kupima mzunguko mzima: tangu unapoingia kwenye foleni ya lifti, unapopanda, unaposhuka, hadi unapoingia tena kwenye foleni hiyohiyo. Fanya hivyo kilimani na mlimani, kisha linganisha.

Chukua kilima cha mita 90 chenye lifti ya viti ya mtindo wa zamani, ile ambayo viti vyake vimebanwa moja kwa moja kwenye kebo na hivyo haiwezi kwenda kasi kupita kiasi. Lifti ya urefu wa mita 400 inayokwenda mita 2.3 kwa sekunde hukufikisha juu kwa takriban dakika 3. Foleni ni dakika 1. Kushuka ni dakika 1. Huo ni mzunguko wa dakika 5, yaani miteremko 12 kwa saa, na jumla ya mita 1,080 za kushuka. Sasa chukua mlima wenye lifti ya kisasa ambayo viti vyake huachia kebo kwenye vituo na hivyo huweza kwenda mita 5 kwa sekunde. Lifti hiyo inakupandisha mita 500 kwa zaidi kidogo ya dakika 6. Ongeza foleni ya dakika 8, ongeza dakika 2 za kusogea kutoka mwisho wa njia hadi langoni, na dakika 8 za kushuka, ambazo kati yake 3 hupotea mnaposimama kupumua na kungojana. Utapata miteremko miwili na nusu kwa saa, ambayo ni mita 1,250, na muda wa kuteleza hasa ni dakika 12 na nusu dhidi ya dakika 12 za kilimani.

Tofauti hiyo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na foleni ya mlimani ikifika dakika 20, kama inavyotokea katika wiki za sikukuu, kilima ndicho kinachoongoza. Jambo ambalo hesabu hii hailionyeshi waziwazi, na ambalo kwangu lina uzito zaidi ya mita, ni kwamba kilimani umeanza mteremko mara 12. Kila mwanzo ni nafasi ya kusahihisha kosa la dakika chache zilizopita huku mwili ukiwa bado unalikumbuka. Mlimani kosa hulifanya katika kona ya tano, ukalirudia hadi kona ya mia, na ukifika chini huwezi tena kusema lilianzia wapi.

Usisahau pia kuingiza muda wa safari. Kilima kilicho umbali wa nusu saa, chenye taa za usiku, kinaweza kutumiwa jioni baada ya kazi, mara mbili kwa wiki, msimu wote. Mlima ulio mbali hutumiwa kwa siku chache mfululizo, na sehemu ya siku hizo huishia barabarani au uwanja wa ndege. Kwa anayejifunza, mazoezi mafupi yaliyotawanyika katika majuma mengi hukaa mwilini kuliko mazoezi yote kurundikwa katika wiki moja, ambayo siku zake za mwisho miguu huwa imechoka kiasi kwamba mtu hafanyi zoezi, anajinusuru.

Usipimie ujuzi wako kwa rangi za njia

Alama za ugumu hupotosha watu wengi wanaotoka kilimani kwenda mlimani. Amerika Kaskazini njia rahisi huwekewa duara la kijani, za wastani mraba wa buluu, ngumu almasi nyeusi, na ngumu zaidi almasi mbili. Barani Ulaya hutumiwa buluu, nyekundu na nyeusi, na baadhi ya nchi, Ufaransa ikiwa mojawapo, huongeza kijani kwa wanaoanza kabisa. Tatizo ni kwamba kila kituo hupanga njia zake kwa kulinganisha yenyewe kwa yenyewe. Njia ngumu kuliko zote kilimani hupewa almasi nyeusi kwa sababu tu hakuna iliyoizidi hapo, hata kama mlimani ingeitwa buluu. Nyekundu ya Ulaya, kwa upande wake, haina mwenzake kamili Amerika.

Kwa hiyo, acha kujitambulisha kwa rangi. Jitambulishe kwa mambo unayoweza kuyaona kwa macho na kuyafanya kwa miguu: unaweza kusimama mahali popote unapotaka kwenye barafu ngumu? Unaweza kushuka njia nyembamba bila kuongeza kasi? Unaweza kuteleza kwa ubavu hadi chini iwapo mbele yako pamezidi mwinuko? Mtu anayejibu ndiyo kwa maswali hayo atamudu sehemu kubwa ya mlima wowote, hata kama kilima chake hakina njia nyeusi hata moja.

Namna ya kuifanya jioni ya kilimani iwe na kazi

Kilima hakimfundishi mtu kwa kuwa tu yupo pale. Ninaowaona wakilalamika kwamba kilima chao kinachosha kwa kawaida hushuka njia ileile kwa namna ileile, kwa kasi ileile, na hapo malalamiko yao ni ya haki. Dawa ni kupanga jioni yenyewe kabla ya kuvaa buti, na kuipa kila safu ya miteremko kazi moja tu.

Anza na zoezi lisilovutia kuliko yote, yaani kuteleza kwa ubavu. Simama ukiwa umeukinga mteremko, skii zote mbili zikiwa zimelala kwa upana wa njia, kisha ulegeze vifundo vya miguu polepole hadi kingo za skii ziachie theluji na uanze kushuka ukiwa wima. Lengo ni kushuka katika mstari ambao maji yangeufuata, bila pua za skii kuelekea mbele wala mikia kurudi nyuma. Wengi watashangaa kuona wanaserereka kwenda pembeni, na sababu karibu kila mara ni kwamba uzito umekaa kisiginoni badala ya kuwa katikati ya wayo. Ugoko unapaswa kuhisi ulimi wa buti muda wote. Kisha kaza kingo taratibu hadi usimame, na usikilize: ukisimama kwa kishindo na theluji kuruka, umekaza ghafla, ukisimama bila sauti, umeanza kuijua kazi. Ujuzi huo ndio utakaokutoa mahali pabaya mlimani siku ambayo ukungu umeshuka na hujui kilicho mbele.

Zoezi la pili linahitaji lifti, na hapa kilima kina fursa ambayo mlima hauna. Shuka kwa kona za wastani kwenye upande ulio chini ya viti, na ukishapanda tena tazama alama ulizoziacha. Kwa kuwa dakika 3 tu zimepita, bado zipo. Kona iliyokatwa vizuri kwa ukingo huacha mistari miwili myembamba, iliyo sambamba, kama reli. Kona iliyosukumwa huacha eneo pana lililopakwa, na mara nyingi utaona kwamba mistari ilianza myembamba, ikapanuka katikati ya kona, na kupanuka huko hutokea upande mmoja zaidi ya mwingine. Karibu kila mtu ana kona moja nzuri na moja mbovu, kwa sababu mguu mmoja una nguvu au utii kuliko mwenzake. Ukishajua ni upi, tumia miteremko kadhaa inayofuata kuushughulikia upande huo peke yake: vuka njia, piga kona moja ya upande mbovu, simama, rudi, rudia. Njia ya mlimani yenye watu wengi haikuruhusu kufanya hivyo kwa amani, na alama zako hufutwa na wengine kabla hujazitazama.

Zoezi la tatu ni la upana. Mashine ya kusawazisha theluji huacha mistari midogo midogo kama ya kitambaa cha kodrai, na kati ya pito moja la mashine na jingine hubaki ukingo mdogo unaoonekana. Upana wa pito moja ni mita chache tu. Jifungie humo: kona zako zote zianze na kuishia ndani ya pito hilo moja, kutoka juu hadi chini, kwa kasi isiyobadilika. Mwanzoni utashindwa katika theluthi ya mwisho, ambapo kasi iliyojilimbikiza inakudai. Jibu huwa si kupunguza kasi kwa kukwaruza bali ni kuimalizia kila kona, yaani kuiacha skii iendelee kugeuka hadi iukinge mteremko kabla ya kuanza kona nyingine. Njia za mlimani zinazopita kati ya miamba au miti hudai jambo hilohilo, ila pale ukitoka nje ya mstari hukutani na kodrai.

Kuna mengine ya kuongeza mambo haya yakishatulia: kushuka bila fimbo ili mikono iache kutegemea chochote, kuinua mkia wa skii iliyo upande wa ndani wa kona katika kila kona ili kujua kama kweli umesimama juu ya ile ya nje, kupiga kona fupi kumi kisha ndefu tatu bila kupumzika katikati. Yote hayo huchukua nafasi ndogo, na hakuna hata moja linalohitaji mlima.

Halafu kuna suala la ubora wa theluji, ambalo watu hulihesabu kuwa aibu ya kilima, nami nalihesabu kuwa karo iliyolipwa tayari. Vilima vingi vya chini hutegemea theluji ya mashine, inayotengenezwa kwa kunyunyiza matone madogo ya maji hewani wakati wa baridi, hasa hewa ikiwa kavu. Matone hayo huganda kuwa chembe ndogo za mviringo badala ya nyota zenye matawi, kwa hiyo hushikana, huwa nzito na ngumu, na zikipitiwa na mamia ya watu hugeuka kuwa barafu. Aliyejifunza juu ya sakafu hiyo hujua kusimama juu ya skii ya nje bila haraka, huzinoa kingo zake mara kwa mara, na hababaiki mlimani asubuhi ambapo njia imeganda. Kwa hiyo usikimbilie ndani kila theluji inapoharibika. Nenda pia siku ambayo mvua imeganda juu yake, na ubaki hadi saa ya mwisho ya jioni njia ikiwa imejaa matuta na mabonge.

Mwisho, kama utalipia mwalimu, mlipie kilimani. Mteremko mfupi humpa nafasi ya kukuona ukishuka mara nyingi katika saa moja na kusimama chini akuone kutoka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo kwenye njia ya kilomita 4 halipo.

Mambo ambayo kilima hakina

La kwanza ni uchovu wa ndani ya mteremko. Kilimani misuli ya paja hupumzishwa kila baada ya dakika moja. Mlimani hubeba uzito kwa dakika nne au tano mfululizo, ikifanya kazi huku ikirefuka, na aina hiyo ya kazi ndiyo inayoleta maumivu ya siku ya pili. Unaweza kujiandaa kwa kiasi fulani nyumbani: kuchuchumaa na kushuka polepole kwa kuhesabu hadi nne, kupiga hatua ndefu za kupinda goti, na kukaa bila kiti huku mgongo umeegemea ukuta. Anza wiki sita au zaidi kabla ya safari. Kilimani kwenyewe, piga kona fupi na za haraka kutoka juu hadi chini bila kusimama, miteremko kadhaa mfululizo, ukipumzika kwenye lifti tu.

La pili ni theluji yenye kina. Alta, jimboni Utah, hupokea kwa wastani takriban mita 13 za theluji kwa msimu, na ndani ya theluji ya unga inayofika magotini mbinu ya barafuni haitoshi. Pale huwezi kuweka karibu uzito wote kwenye skii moja, kwa sababu itazama. Unagawa uzito kwa miguu yote miwili, unaipanga kona kwa upole, na unaiacha kasi ikubebe. Sijui njia ya kulifanyia zoezi hili kilimani, isipokuwa asubuhi za nadra baada ya dhoruba, kabla mashine haijapita. Siku hiyo ikitokea, acha mengine yote uende.

La tatu ni ukubwa wenyewe kama tatizo la kufikiria. Kilima hakimpotezi mtu: njia zote huishia mahali pamoja. Mlima una mabonde, na kosa moja la kugeukia kushoto saa tisa na nusu alasiri linaweza kukushusha upande ambao lifti ya kurudi hufungwa saa kumi. Mwinuko wa nchi nao una sheria zake: watu wengi huanza kuhisi maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi mbovu wanapolala zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na Breckenridge huko Colorado chini yake tu ni takriban mita 2,900. Kwa anayetoka sehemu za chini, siku ya kwanza huko haimpimi ujuzi, inampima mapafu.

La nne ni hatari ambazo kilimani hazipo kabisa. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko yenye mwinuko wa nyuzi kati ya 30 na 45, ambayo ndiyo hasa miteremko inayowavutia watelezaji wazuri. Ndani ya mipaka ya kituo, kikosi cha doria hufanya kazi ya kufunga na kulipua sehemu za hatari. Nje ya mipaka hiyo ni wewe na wenzako. Aliyefukiwa na theluji hubaki na nafasi nzuri ya kupona kwa takriban dakika 10 hadi 15 za kwanza, kisha nafasi hiyo hushuka kwa kasi, na ndiyo maana kila mtu anayetoka nje ya njia anapaswa kuwa na kifaa cha redio cha kutafutia waliofukiwa, fimbo ndefu ya kuchunguzia na koleo, na awe amefundishwa kuvitumia. Vallée Blanche huko Chamonix, inayoanzia Aiguille du Midi yenye urefu wa mita 3,842, huteremka kama kilomita 20 juu ya barafu ya mlima yenye nyufa zilizofichika. Mbinu inayohitajika kwa njia yake ya kawaida haizidi ile ya mtelezaji mzuri wa kilimani. Kinachohitajika zaidi ni mwongozaji anayezijua nyufa, na hapo ndipo mtu hodari wa kona anapoweza kujidanganya vibaya.

Siku za kwanza mlimani

Siku ya kwanza panda lifti ya chini, si ya kileleni. Chagua njia ya rangi moja chini ya ile uliyoizoea, uishuke mara mbili: mara ya kwanza ukisimama kila unapotaka, mara ya pili bila kusimama. Ukimaliza mara ya pili huku kona zako za mwisho zikifanana na za kwanza, panda daraja. Zisipofanana, miguu ndiyo inayoshindwa, wala si ujuzi, na kupanda daraja hakutakusaidia.

Chagua pia upande wa mlima kulingana na hali ya hewa. Wakati wa ukungu au theluji inayoanguka, sehemu za juu zilizo wazi hupoteza kivuli chote na mtu hawezi kutofautisha tuta na shimo. Teremka hadi kwenye mstari wa miti, ambako mashina hukupa kipimo cha mwinuko. Upepo mkali mara nyingi hufunga lifti za juu kabisa, basi usiipange safari nzima kwa ajili ya kilele kimoja. Kula kabla ya saa ya chakula ya wengine, uteleze wao wakiwa mezani. Na ondoka mapema alasiri siku unayohisi miguu imekuwa mizito, kwa sababu mteremko wa mwisho wa kurudi bondeni huwa na barafu, giza kidogo, na watu wengi waliochoka kama wewe.

Kanuni za mwenendo za FIS ni zilezile kilimani na mlimani, na ya msingi ni kwamba aliye juu ndiye anayepaswa kumkwepa aliye chini. Tofauti ni kasi: pale ambapo njia ni ndefu watu hufika wakiwa na mwendo ambao kilimani hauwezekani, kwa hiyo usisimame nyuma ya tuta mahali ambapo wanaokuja hawawezi kukuona.

Gharama na vifaa

Kuhusu gharama, gawanya kila kitu, ikiwemo safari na malazi, kwa saa ulizoteleza kweli; tiketi ya kilima itaonekana nafuu zaidi ya bei yake. Mwanya kati ya vilima na milima umepungua tangu kampuni kubwa zianze kuuza pasi za msimu zinazotumika mahali pengi, kama Epic Pass iliyoanza mwaka 2008 na Ikon Pass mwaka 2018. Vail Resorts, kampuni inayouza Epic Pass, ilinunua Afton Alps huko Minnesota na Mt. Brighton huko Michigan mwaka 2012, vituo vidogo vilivyo karibu na miji mikubwa, kwa hesabu kwamba anayeteleza jioni karibu na kwake ndiye atakayenunua safari ya mlimani. Ikiwa kilima chako kimo kwenye pasi ya aina hiyo, soma tarehe zisizoruhusiwa na siku za mwisho za kununua kwa bei ya chini kabla ya kuamua.

Kuhusu skii, nunua za kilima na ukodi za mlima. Kwa barafu na kona fupi, skii nyembamba, yenye kiuno (upana wa katikati) cha milimita 65 hadi 80, hushika haraka na kufundisha zaidi. Kwa theluji ya kina, kiuno cha milimita 95 na zaidi huelea, na kituo chochote kikubwa huzikodisha. Buti ndizo zisizokodishwa kama unaweza kuepuka. Buti lililopimwa vizuri hutumika kila mahali, na buti linalopwaya huharibu siku ya kilimani kama linavyoharibu ya mlimani.

Ukirudi kilimani

Safari ikiisha, andika mahali palipokushinda kwa maneno ya mwili, wala si kwa jina la njia. Ukisema "ile nyeusi ilinishinda" huna la kufanya Jumanne jioni. Ukisema "palipozidi mwinuko niliegemea nyuma na kuukimbilia ukingo wa njia", kazi ipo: kona fupi ndani ya pito moja la mashine, ugoko kwenye ulimi wa buti, sehemu iliyo kali zaidi ya kilima hata kama ni mita 30 tu, nayo hurudiwa hadi mwili uache kuegemea nyuma. Ukiwa uliogopa vichuguu vya theluji, tafuta sehemu ya kilima ambayo mashine haiipiti na watu wameichimba. Kama ulichoka kabla ya nusu ya njia, acha kusimama katikati ya kilima. Na kama kilichokushinda ni theluji ya kina au mwinuko wa nchi, kilima hakitakusaidia katika hilo; weka akiba kwa safari nyingine, ongeza siku moja mwanzoni kwa ajili ya mapafu, na umlipe mwalimu wa huko kwa asubuhi ya kwanza yenye theluji mpya.